Shingo Yangu Ina Adabu

Shingo yangu imechomoza mbele kama ya kobe anayechungulia mvua, nami leo nasimama, kwa kadiri ninavyoweza kusimama, niitolee sifa zake.

Kwanza ina nguvu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu akaonyesha kuwa ukikiinamisha nyuzi 60, shingo inabeba mzigo wa kilo 27 hivi, zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Mpagazi wa Kariakoo angedai ujira. Twiga naye ana pingili saba za shingo, sawasawa na mimi, ila yeye zimempa majivuno.

Maana sifa kuu ya shingo yangu ni adabu. Huamkia kila mtu. Kijana anayetuletea chai ofisini, mdogo kwa kitindamimba wangu, zamani alinipa shikamoo. Siku hizi husimama akiingojea, na mara mbili ameshaitikia "marahaba" kabla sijafungua kinywa. Kwenye Hiace wenzangu wanaosimama huhangaika kujikunja chini ya paa. Mimi huingia nimeshajikunja, konda akanionyesha kwa abiria wabishi. Msibani huonekana nina uchungu kuliko wafiwa. Mama mkwe, aliyenisusa nilipokuwa nimenyooka, sasa anasema nimekua. Hata maumivu ya shingo hii yana staha: hungoja nilale ndipo yapande kisogoni.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka kuiharibu. Vuta kidevu nyuma, akasema, inuka kila nusu saa, na pandisha skrini mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho. Skrini yangu hutazamana na vifungo vya shati. Nikaiwekea chini rimu mbili za karatasi. Afisa ugavi akaja akazichomoa: ni mali ya ofisi, hazikuidhinishwa kuwa samani, jaza fomu. Nikajaza. Fomu inataka saini tatu, na mwenye saini ya pili yuko semina. Yuko semina tangu Februari! Rimu mbili, jamani! Karatasi zilezile walizochapishia mwaliko wa kikao cha afya kazini, tukakalishwa kwa muda wa saa nne kwenye viti vya plastiki!

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Mkurugenzi wetu hupita akichungulia, na kwake aliyeinama ndiye anayefanya kazi. Mwenzangu mmoja, mgongo wima, hesabu zake huzimaliza saa sita mchana. Aliandikiwa barua ajieleze kwa nini anatazama dirishani. Mimi, Mei Mosi, nikatangazwa mfanyakazi hodari. Zawadi ilikuwa kompyuta mpakato, skrini na kibodi kitu kimoja, fupi kuliko ile ya mezani. Nikaipokea kwa mikono miwili. Afisa ugavi akanisogelea akanong'ona kwamba, kwa kuwa kifaa kimebadilika, ile fomu ya rimu niijaze upya.