Namna ya Kushuka Kabla ya Mombasa: Mwongozo kwa Mtu wa Ngara

Wenye viza ya Ufaransa wana mtihani wao: wakiwa kwenye treni kutoka Paris kwenda kusini, washuke mji gani mdogo, wazurure kidogo, wale, kisha waendelee? Mtu wa Ngara, mtaa wa Nairobi, hahitaji viza ili afanye mtihani huo. Tangu Juni 2017 ana treni ya Madaraka Express, na kati ya Syokimau na Mombasa kuna vituo saba vya kumvuruga akili: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Wengi wetu hupita vyote saba tukiwa tumelala mdomo wazi. Mwongozo huu ni wa wachache watakaoamka.

Sharti la kwanza ni kuifikia treni yenyewe. Kituo cha zamani kiko mwendo wa miguu kutoka Ngara: unateremka Globe, unafuata Tom Mboya, unatokea Railways kabla jasho halijakutoka. Labda ndiyo sababu treni mpya haiondokei hapo. Inaondokea Syokimau, na kuna treni ndogo ya kukuunganisha nayo, inayotoka Railways alfajiri. Ipande hiyo. Anayeiamini Mombasa Road asubuhi ya Ijumaa atafute mwongozo mwingine, ikiwezekana wenye sala.

Ukifika utaambiwa uweke mzigo chini, kwenye mstari pamoja na mizigo ya wenzako, urudi nyuma, halafu mbwa wa polisi apite akinusa. Simama wima na uangalie mbali kama mtu asiye na begi. Ikiwa umebebeshwa omena za shangazi, jiandae kwa mahojiano.

Sasa uchaguzi wa mji. Treni inayosimama kwenye vituo vidogo ni ile ya saa mbili asubuhi, ambayo wenyewe huiita Inter-County. Saa hiyo hiyo ya mbili mwenzake huwa anaondoka Mombasa kuja Nairobi, na hupishana njiani, pande za Mtito Andei. Fanya hesabu. Ukishuka kabla hazijapishana, treni ya kurudi bado iko njiani inakuja: Emali utapata muda wa nyama, Kibwezi muda wa chai, na jioni utakuwa Ngara ukibishania bei ya viatu. Ukishuka baada ya hapo, ya kurudi imeshapita. Voi jiandae kulala. Aya hii haina utani hata kidogo.

Athi River iondoe kwenye orodha. Ukishuka hapo hujasafiri, umekwepa foleni tu.

Emali inamfaa mtu anayetaka kusema ametoka nje ya mji bila kutoka sana. Hapo ndipo barabara ya Loitokitok inapoiacha ile ya Mombasa, kwa hiyo Mkamba na Mmaasai wamekuwa wakiuziana mifugo hapo kwa muda mrefu, na mbuzi wa Emali haendi mbali kabla ya kuwa choma. Usijitie kujua kuchagua mbuzi. Watakuuliza unaona nini kwenye meno yake, na wewe unatoka Ngara.

Kibwezi napenda kuisifu kwa sababu isiyo ya Kibwezi: ni mlango wa nyuma wa Makindu. Huu ndio mji ambao mtu mwenye akili angeuchagua, na bila shaka ndio ambao reli mpya imeupita bila kuujengea kituo cha abiria. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na mafundi na wafanyakazi wa reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Mpaka leo msafiri yeyote, awe wa dini gani, anaingia, anakaribishwa chakula bila kulipa, na akichoka anapewa pa kulala. Mtu wa Ngara anapaswa kwenda hapo kwa heshima ya pekee, maana mtaa wake wenyewe ulikaliwa na familia nyingi za Kihindi zilizokula mshahara wa reli hiyo. Funika kichwa, vua viatu, acha sigara na pombe nje, chukua chapati unazoweza kumaliza. Ukipenda, tia chochote kwenye sanduku la sadaka. Ukijaribu kuomba nyama, mwongozo huu haukujui. Shuka Kibwezi, panda matatu kurudi Makindu, na usahau treni ya siku hiyo. Chumba unacho.

Mtito Andei kila mtu amewahi kunawa uso hapo, ila kwa basi. Mahoteli yake yamezoea mgeni wa chipsi na choo, mwenye dereva anayepiga honi. Ukiingia polepole na kuuliza habari za mji, watadhani umeachwa na basi na watakuonea huruma. Ingawa geti la Tsavo West liko hapo hapo, bila gari utaishia kuliangalia.

Ukishuka na kukuta kituo kiko mbali na mji, usiwalaumu Wachina walioijenga reli hii peke yao. Wafaransa nao walijenga kituo cha treni yao ya kasi, TGV, cha Haute-Picardie katikati ya mashamba, wenyeji wakakibandika jina la viazisukari vilivyokizunguka. Tofauti ni kwamba sisi tuna bodaboda. Bei ya kwanza utakayotajiwa ni ya abiria wa treni. Subiri ya pili.

Miasenyi shuka ikiwa kuna mtu anakungoja. Mariakani ni ya asiyeweza kuvumilia: madafu yapo, ila Mombasa yenyewe iko karibu kiasi kwamba utajiuliza ulishukia nini.

Inabaki Voi, nayo ndiyo chaguo langu. Kabla ya kufika utakuwa umeshawaona ndovu wa Tsavo dirishani, wekundu kwa vumbi, bila kulipa kiingilio, jifanye umezoea. Mjini kuna makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati reli ilipojengwa kutoka hapa kuelekea Taveta ili kupigana na Wajerumani. Ni hapa pia ndege ya mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton ilipoanguka Mei 1931, mara tu baada ya kuruka. Ukiona joto limezidi, kuna matatu za kupanda Wundanyi kupitia Mwatate, na huko juu utajuta kuacha sweta. Simba waliowala wajenzi wa reli kule Tsavo mwaka 1898 usiwaulizie. Wako Chicago, kwenye jumba la makumbusho.

Jambo la mwisho ni pesa. Nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na tiketi ina namba ya behewa na kiti, kwa hiyo safari ya vipande viwili inunulie tiketi mbili. Anza na ile ya kuondoka Voi, maana wikendi na likizo viti huisha mapema.