Kisiwa cha Kukodi: Jinsi ya Kuchagua Programu ya Katuni Ukiwa Kilwa

Umeamua kutengeneza katuni. Laptopu umeazima, bando ni la siku, na hadithi unayo: mgeni wa jahazi aliyekinunua kisiwa cha Kilwa Kisiwani kwa nguo za kukizunguka chote. Aliyekiuza alipovuka kwenda bara, yasemwa, mgeni akapachimba palipovukika maji yakipwa, ili muuzaji asirudi tena. Fuata hatua hizi.

1. Chagua iliyo ghali. Toon Boom Harmony hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Usisumbuke kwamba korosho hulipa kwa msimu. Siku kadi ikigoma utaielewa vizuri hadithi yako: kazi zako ziko kisiwani, wewe uko bara, na pa kuvukia pameshachimbwa.

2. Hela huna? Omba programu ya wizi kwenye flashi ya rafiki. Virusi hutiwa humo bila malipo ya ziada.

3. Idharau Blender. Ni huria na ya bure tangu 2002, na cha bure kina thamani gani? Flow, filamu ya Latvia iliyotengenezwa nayo, ilipata Oscar mwaka 2025, lakini hao hawana majirani wa kuwauliza, "Umelipa ngapi?" Ukishindwa kujizuia, iweke kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4, kisha bandika birika juu yake.

4. Usiguse zile nyepesi. Pencil2D haiombi mashine kubwa wala ufundi mwingi. Krita ni ya wachoraji. OpenToonz imetokana na programu iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani. Zote bure, hivyo hutapata kisingizio ukishindwa.

5. Usihesabu kabla ya kuanza. Filamu ni picha 24 kwa sekunde. Hata ukichora 12 tu, dakika moja yataka picha 720. Anayejua hivyo mapema huanza na sekunde 10, kwa FlipaClip kwenye simu yake, tena huzimaliza. Jihadhari: ukimaliza katuni moja, watoto wa Kilwa Kivinje watadai ya pili.

Ukihitimu hatua zote na bado huna katuni, rudi kwenye hadithi. Yule mgeni alipima nguo mara moja tu. Hakukodi.