Klipu Hujaribiwa kwa Kutoka

Ajali ya baiskeli inayochekesha kuliko zote hutokea baiskeli ikiwa imesimama. Mwendeshaji amefika kwenye taa nyekundu, amekamata breki vizuri, ametii sheria, sasa anataka kushusha mguu. Mguu haushuki, umefungwa mkanda. Basi anaanza kulala upande, polepole kama mgomba uliokatwa, na anapata nafasi ya kutosha kumtazama usoni dereva wa bodaboda atakayemcheka na muuza karanga atakayempa pole. Hakugongwa na mtu. Kosa alilifanya dukani, siku aliponunua klipu za pedali kwa kuangalia kama mguu unaingia, asijishughulishe kujua utatokaje.

Chukua klipu za kizamani: kikapu cha chuma au plastiki kinachofunika vidole, na mkanda wa ngozi unaopita juu ya kiatu. Zinauzwa kwa saizi, lakini wanunuzi wengi hawaiulizi, kana kwamba pedali na kiatu hawafahamiani. Sehemu pana ya wayo, pale kwenye shina la kidole gumba, ndiyo inayotakiwa kukaa juu ya ekseli ya pedali. Mwenye kiatu namba 45 akivaa klipu fupi, vidole vinagonga chuma kabla wayo haujafika mahali pake, naye anakanyaga kwa ncha za vidole kama mtu anayemnyatia kuku. Mashavu ya miguu ndiyo yatakayolipa. Mwenye mguu mdogo akinunua ndefu, kiatu kinateleza mbele mpaka katikati ya wayo, na akikata kona kali ile pua ya klipu inaweza kukwaruza gurudumu. Mkanda nao una adabu yake: husokotwa mara moja ndani ya pedali ili usiteleze, na bizimu yake hukaa upande wa nje, mkono uifikie. Maana ukishaukaza, ili kutoka sharti uiname, uilegeze bizimu, kisha uuvute mguu nyuma. Hayo yote yatangulie kabla mbuzi hajaamua kuvuka, na mbuzi hatoi taarifa.

Kwa miaka mingi wanamashindano wa Ulaya waliishi na adha hiyo. Waliokuja kuwafungua ni watu wa theluji. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, vinavyouachia mguu mtu anapoanguka, kabla mfupa haujavunjika. Mwaka 1984 ikaileta akili hiyo kwenye pedali: kipande cha plastiki, kliti, kinafungwa chini ya soli, unakanyaga kinanasa, unazungusha kisigino kwa nje kinaachia. Mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda mashindano ya Tour de France ya 1985 akiwa nazo, na mikanda ikaanza kustaafu. Iliyoishinda mikanda ni pedali ya watu waliofikiria kwanza namna ya kutoka.

Hata hizi zina mitego. Kliti hutofautiana kwa nafasi ya kucheza zinayoupa mguu, na anayetembea vidole vikitazama nje akifungwa ile isiyocheza kabisa, magoti yatamshitaki. Nafasi hiyo huonyeshwa kwa rangi. Kwa pedali za Shimano, kliti nyekundu haichezi hata nyuzi moja, na ya njano inacheza nyuzi 6. Kwa pedali za Look Keo, nyekundu ndiyo yenye uhuru kuliko zote, nyuzi 9, na isiyocheza ni nyeusi. Anayechagua kwa kulinganisha na rangi ya baiskeli amecheza bahati nasibu na magoti yake.

Atatokea wa kusema kwamba mguu usipofungwa vizuri nguvu inapotea, kwa sababu mtu havuti pedali ikipanda. Waliopima wameona kwamba hata wanaoendesha kwa mshahara, nguvu yao karibu yote hutokana na kusukuma chini. Mguu unaopanda huwa unampunguzia mwenzake mzigo tu. Faida ya klipu ni kuuweka wayo mahali pake, na hilo halihitaji kukaba. Mwingine atasema mabingwa hukaza. Kweli, lakini mabingwa hufungiwa barabara na polisi. Hoja yenye uzito ni ya anayesema aache mkanda umelegea, yaishe. Nusu ana haki: kwa safari za mjini, mkanda uliolegea kiasi cha kuuvuta mguu bila kugusa bizimu ndio unaofaa. Ila ukilegea mno, pedali inapinduka, klipu inaburuzwa chini ikilia kwenye lami, nawe unaipapasa kwa kidole cha mguu kama unayetafuta ndala gizani.

Kwa hiyo ukienda kununua, vaa viatu utakavyoendeshea, tena jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Mwombe fundi aishike baiskeli, panda, ingiza miguu, kisha uitoe mara kumi, wa kushoto na wa kulia. Akicheka, mwache acheke. Yeye ni mmoja, kwenye taa wapo wengi.