Noti ya Mjomba

Mjomba wangu wa Jericho ana santuri moja ya Les Wanyika, ila hana pa kuichezea. Gramafoni iliuzwa zamani, mwaka ambao karo ya binti yake ilikataa kungoja. Kila Jumapili akitoka kanisani huitoa santuri kwenye jalada lake lililochakaa, huipangusa kwa kitambaa cha kufutia miwani, huiinua kwenye mwanga wa dirisha aone kama ina mkwaruzo mpya, kisha huirudisha. Hiyo ndiyo ibada yake ya pili, na hii haina sadaka.

Kwa hiyo niliposikia kwamba baa moja ya Umoja, si mbali na soko la Mutindwa, ingeleta bendi ya zilizopendwa Jumamosi jioni, nilijiona mpwa mwenye akili kuliko wote katika ukoo. Nikampigia. Hakuuliza saa wala kiingilio.

"Nani anaimba?"

Nikamwambia bango linasema kuna mwimbaji mpya. Simu ikanyamaza hadi nikadhani salio limeisha.

"Mpya wa nini," akasema mwishowe, "na nyimbo ni za zamani?"

Bendi yenyewe aliifahamu. Ni ya mtaani tu, imezunguka baa za Eastlands miaka mingi ikipiga nyimbo za akina Wanyika na wenzao, na mwimbaji wake wa zamani wazee walimzoea kama mtu anavyozoea kiti chake. Sasa mzee huyo alikuwa amechoka na baridi ya usiku, akarudi ushago kufuga kuku.

Mjomba alikuja hata hivyo, ndani ya koti la kijivu la suti na viatu ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Matatu tuliyopanda Barabara ya Rabai ilikuwa na spika chini ya kiti chetu, na kila besi ilipogonga, miwani yake iliteremka kidogo puani. Alipofika Mutindwa miwani ilikuwa mdomoni, naye alikuwa na kesi na vijana wote wa Kenya. Mwimbaji wetu hata hajafungua mdomo.

Ndani tuliketishwa meza moja na mzee mwenye kofia ya kepi na mama wa makamo aliyevaa kitenge, wote wafuasi wa bendi wa tangu zamani. Walikuwa wamekaa kama wazazi walioitwa shuleni kusikia mtoto amefanya nini.

Kijana akapanda. Miaka ishirini na kitu, suruali imechanika magotini, simu mkononi. Nyuma yake mpiga gitaa la solo, mzee mwenye mvi, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, macho yamefumbwa. Gitaa likaanza *Sina Makosa*, na baa nzima ikainuka kabla haijafikiri. Hata waita alisimama na trei. Ridhimu ikaingia, besi ikafuata, watu wakavuta pumzi kumngoja mwimbaji.

Kijana akaingia mapema.

Hakukosea sana, ni kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akajirudi, akaanza tena, safari hii akiyasoma maneno kwenye simu. Beti ya pili kioo cha simu kikazima, akawa anakigonga kwa kidole gumba huku ameshikilia irabu moja ndefu. Wengine walidhani ni ufundi, wakampigia makofi. Kisha simu ikaita.

"Huyu anaimba kama anasoma matangazo ya vifo redioni," akasema mama wa kitenge.

"Hapana," akasema mzee wa kepi, "wale wa vifo hawakimbii. Huyu anakimbia kama mchuuzi aliyeona kanjo."

Kesi ya mjomba ilikuwa lugha. Akina Wanyika, alisema, waliimba Kiswahili cha Tanga, laini, kila silabi imepewa kiti chake, na huyu anazimeza silabi kwa Sheng. Niliinamisha macho kwenye kachumbari. Mjomba tangu aje Nairobi kutoka kwao "dh" na "z" kwake ni ndugu wa tumbo moja, na "dhambi" yake haijawahi kupita salama mbele ya Mpwani yeyote.

Kosa langu lilikuwa kumtetea kijana. Nikawakumbusha kwamba hao wanaowalilia nao waliwahi kuwa wapya. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzisha Simba Wanyika kule Mombasa mwaka 1971, baadaye wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao wakajitoa kwa mkupuo: Omar Shabani wa ridhimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma. Ni kama jiko limehama usiku, wenye nyumba wakaachiwa sebule. Waliohama ndio wakaunda Les Wanyika. Wakamtwaa Issa Juma aimbe, kisha wakampata John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa Orchestra Jobiso. Na *Sina Makosa*, utunzi wa Omar Shabani, ukazaliwa kwa hao hao wahamaji. Tangu hapo Eastlands haijafanya harusi ya maana bila kuupiga, ingawa ukiyasikiliza maneno yake, bwana na bibi harusi wangepaswa kutoka nje kidogo.

"Kwa hiyo Ngereza naye alikuwa mgeni," nikamalizia, nikijisikia wakili.

"Ngereza alibisha hodi," akasema mjomba. "Huyu ameingia na viatu."

Nikajaribu njia ya mbali. Nikawaambia kule Uingereza kuna bendi ya roki inaitwa Queen, mwimbaji wake alikufa mwaka 1991, nao wenzake sasa wanazunguka dunia na Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1982, wakati bendi ina miaka kumi na miwili. Viwanja vinajaa.

"Queen si malkia?" akauliza mzee wa kepi. "Malkia si alikufa juzi?"

"Ni bendi, mzee. Aliyekufa ni Freddie Mercury. Alizaliwa Unguja."

Meza ikageuka yote kunitazama.

"Unguja hii?"

"Mji Mkongwe, mwaka 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi."

"Basi," akasema mjomba, akiketi vizuri kama mtu ambaye hukumu imetoka, "ndiyo maana wanamkumbuka. Huyo alikuwa jirani wa Tanga." Na Queen ikawa imepotea mikononi mwangu, imegeuka ushahidi wa upande wa pili.

Nilipoona maneno hayasaidii, niliamua kutumia fedha. Desturi unaijua: mwimbaji akikugusa, unaenda kumbandika noti kwenye paji la uso, jasho linaishika. Nilifikiri watu wakiona mmoja amemtuza, roho zao zitalainika. Taa za pale zilikuwa nyekundu tupu, na chini ya taa nyekundu noti zote ni za ukoo mmoja. Nikachomoa ya mia kwenye mfuko wa shati, nikaenda nikicheza polepole, nikambandika. Akainama karibu, akaniuliza sikioni, "Nitaje jina gani?"

"Sema ni ya mjomba," nikapiga kelele juu ya besi. "Wa Jericho!"

Nilirudi kwenye meza nikiwa mtu mwema. Waita akaleta bili ya soda na nyama, nikatia mkono mfukoni kutoa ile noti ya elfu niliyoiweka kwa kazi hiyo, nikatoa mia. Nikaingiza mkono tena. Mia nyingine. Nikageuka kutazama jukwaa. Pale kwenye paji la uso la kijana, katikati ya nyusi mbili, elfu yangu ilikuwa inapepea kwa upepo wa feni.

Nikasimama kwenda kuirudisha. Namna ya kuirudisha sikuwa nayo, lakini miguu ilishaondoka. Kijana aliponiona nakuja tena na mkono umenyooka, akafurahi, akainamisha kichwa kupokea nyongeza. Baa yote inatazama. Mkono ulikuwa umefika usoni kwake, na mkono uliofika usoni kwa mwimbaji hauna shughuli nyingine inayoheshimika. Nikambandika mia ya pili kando ya elfu.

Hapo ndipo kijana akaamka. Akaitia simu mfukoni, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, na gitaa lilipoingia kwenye kuchemka akaanza kumtaja: Mjomba wa Jericho! Baba wa wote! Simba wa Eastlands! Kila mzunguko wa gitaa, Mjomba wa Jericho. Mpiga solo akafumbua macho kwa mara ya kwanza kumtafuta huyo mheshimiwa. Mama wa kitenge akamvuta mjomba mkono, akamsimamisha. Mzee wa kepi akavua kepi.

Mjomba akafunga kifungo cha koti. Akacheza ule uchezaji wa wazee wa Nairobi ambao magoti hufanya kazi yote na uso haujui lolote. Aliporudi kwenye kiti alikuwa anahema.

"Unajua," akaniambia, "kijana ana sauti. Wamwache tu azoee."

"Na silabi?"

"Silabi gani?"

Bili alilipa mzee wa kepi, kwa heshima ya Mjomba wa Jericho, aliyepokea shukrani kutoka meza nne. Mimi nilibaki na mia moja, ambayo waita aliichukua kwa kunitazama tu. Tukarudi Jericho kwa miguu, Barabara ya Rabai yote, mjomba mbele, akiimba beti ya kwanza na kuingia mapema kila mara.

Jumapili iliyofuata alinipigia kuniuliza bendi inarudi lini, na akanishauri siku hiyo nije na chenji. Basi wewe unayesoma, ukipita Umoja Jumamosi ukamkuta kijana mwenye suruali iliyochanika magotini anamtaja Mjomba wa Jericho, nakuomba umwambie ile noti ilikuwa yangu.