Mlima kwa Kulipia

Kuna mambo mtu huyakimbia ujana wake wote, kisha uzeeni akayarudia kwa kulipia. Yangu mimi ni kupanda milima.

Nilizaliwa Lushoto, ambako kwenda ni kupanda na kurudi nako, sijui kwa muujiza gani, ni kupanda. Shule ilikuwa juu, mto chini, shamba ng'ambo ya bonde. Nilisoma kwa bidii ili nipate kazi Dar es Salaam, kwenye tambarare, niende ofisini kwa daladala. Nikaipata. Nikakalia kiti mpaka nikastaafu, na kiti nacho kikanipa kiinua mgongo chake: presha, sukari na kitambi. Watoto wamehama, kila mmoja kwake. Daktari akasema, "Mzee, tembea."

Ndipo tukaanza, mimi na wastaafu wenzangu, kwenda Usambara kila masika. Kwa nini masika? Kwa sababu Machi hadi Mei watalii ni wachache na vyumba hushuka bei, na mstaafu husoma bei kwanza, utabiri wa hali ya hewa baadaye. Hewa yenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ikagonga milima hii, ikapanda, ikapoa, ikatua mzigo wake pale pale mlipo. Saa tatu jua, saa nne ukungu, saa tano mvua, saa sita jua tena. Kazi yetu kubwa ni kuvaa makoti na kuyavua.

Safari ya mwisho tulielekea Irente, kwenye ukingo wa jabali ambapo unaiona Mombo kule chini pamoja na mashamba ya mkonge. Tulikodi mwongoza watalii, kijana wa kunionyesha njia niliyoipita na kabichi kichwani kabla baba yake hajazaliwa. Mvua ikashuka. Mwenzetu, mhasibu mstaafu, alikuwa na buti za mtumba zenye kamba nyekundu. Soli ya kulia ikaachama, kisha ikabaki kwenye tope, yeye akaendelea na safari na sehemu ya juu. Tulipokuwa tunamfunga mguu kwa kamba ya mgomba, akatupita binti mdogo mwenye ndala, beseni la karoti kichwani. "Shikamooni," akasema, na hakuna karoti iliyotikisika.

Kufika ukingoni, ukungu mtupu. Kijana akanyoosha kidole: "Pale Mombo. Pale mkonge." Tukaitikia kwa heshima, tukapiga picha.

Ajabu, sikuudhika. Zamani mvua kama ile ilikuwa na maana moja: kuchelewa, na kuchelewa ni viboko. Sasa hakuna anayenisubiri popote. Kuna siku jambo hilo linanikosesha usingizi, lakini siku ile, nimelowa chapachapa, niliona ni cheo.

Jioni nilipita kwa shangazi yangu, ambaye hajawahi kuhama mlimani na shambani anakwenda bila mkongojo. Akaniuliza nauli, bei ya chumba na malipo ya kijana. Akajumlisha kimoyomoyo.

"Mwanangu, si ulisoma ili usipande tena?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na sasa unalipa ili upande?"

"Daktari kasema."

"Basi kesho njoo na wenzako. Kuna kabichi za kuteremsha. Kwangu hamlipi."