Namna ya Kulichokonoa Tumbo la Ubao wa Mawimbi

Umeamua kujichongea mwenyewe ubao wa kuteleza mawimbini. Hongera! Kuanzia leo majirani watakuona mweupe kuanzia nywele hadi ndara, wadhani umefungua kinu cha unga. Waache. Wewe shika hatua hizi.

1. Tafuta ugonjwa kabla ya dawa. Mwaka 1937 huko Honolulu, mbao za vijana zilikuwa pana hadi tezi, yaani mkiani, tena hazina pezi. Wimbi likisimama wima, tezi inachomoka na mtu anazolewa. Mmoja wao, John Kelly, akashika shoka, akaipunguza tezi ikawa nyembamba, na tumbo, yaani upande wa chini wa ubao, likachongwa hapo umbo la V. Ubao ukang'ang'ania ukuta wa wimbi. Shoka lile lilijua linakokwenda. Nawe andika ukutani kwa penseli: ubao wangu unakosea wapi, kwenye wimbi gani? “Nataka kitu kipya” si ugonjwa. Hiyo ni hamu. Nenda kanunue fulana.

2. Zima taa ya dari. Taa ya juu ni rafiki mnafiki: kila kitu inakisifu. Paka kuta rangi iliyokolea, funga taa ndefu za tyubu pande zote mbili, usawa wa ubao. Mwanga ukipita ubavuni, kila tuta na kila shimo hutupa kivuli chake, hata lile ulilopitishia kiganja ukaapa halipo. Na barakoa vaa! Vumbi la povu gumu unalolichonga halina mzaha na mapafu.

3. Chagua tumbo moja, uache uchu. Tumbo bapa hukimbia, ila maji yakichafuka hudundadunda. Mbonyeo mmoja katikati huyazuia maji yasitawanyike upesi pembeni. Huyaelekeza tezini, nayo huuinua ubao. Umbo la V karibu na tezi hurahisisha kulala ukingo huu na kuhamia ule, kwa gharama ya kasi kidogo. Tumbo la mviringo hukumbatiwa na maji: ubao unazama kidogo, unatulia, hauna haraka ya mtu. Mibonyeo miwili sambamba ndiyo waliyoshikilia ndugu Malcolm na Duncan Campbell wa Oxnard, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaioanisha na mapezi matatu. Ubao wao, Bonzer, unachongwa hadi leo. Angalia walivyofanya: walishika wazo moja, wakalifuata miaka na miaka. Hawakulimwaga sufuriani pamoja na mengine kumi.

4. Badilisha kitu kimoja tu. Urefu uleule, upana uleule, mkunjo uleule, mapezi yaleyale. Tumbo peke yake ndilo jipya. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na ubao ukaruka, utampongeza nani? Ukizama je, utamlaumu nani?

5. Kata kwa ubahili. Povu likishatoka halirudi, hata ulisomee dua. Anza na kina cha milimita 3. Weka rula ya chuma kukingama tumbo, chungulia mwanga unaopenya chini yake, sogea kidogo, chungulia tena. Kushoto na kulia vilingane. Ukifika hapo randa ipumzike. Umalizie kwa msasa uliofungwa kwenye kibao.

6. Hukumu iachiwe wimbi. Mpe mwenzio unayemwamini aupande, usimwambie ulichochonga. Asikuonee haya. Mpeleke kwenye wimbi dogo na kubwa, maji laini na yaliyovurugwa na upepo, kisha umuulize swali moja: ulipogeuka, tezi ilifanya nini? Andika jibu lake hata likikuuma. Jibu hilo likirudi lilelile kwenye mawimbi tofauti, sasa unalijua tumbo ulilolichonga, na una ruhusa kamili ya kuanza kuyahangaisha mapezi.