Heshima kwa Kipochi cha Kiunoni

Waswahili wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wamesifu karafuu na hata kijiko cha upawa, lakini sijamsikia yeyote aliyekaa kitako akakisifu kipochi cha kiunoni. Dhuluma hiyo naiondoa leo.

Mimi ni mkazi wa Ndera, mashariki ya Kigali, na najua wenzangu wa mjini watasema nini. Ndera ndiko iliko hospitali ya magonjwa ya akili inayojulikana nchi nzima. Mtu akiropoka huko mjini huulizwa ametoroka Ndera lini, kama wa Dar wanavyoitaja Mirembe, wa Nairobi Mathari na wa Kampala Butabika. Waulize tu. Hospitali inafanya kazi ya heri, na mtu aliyefunga safari ya pwani huku mali yote ya nyumba ameifungia tumboni anastahili kuulizwa hali yake kwa upole.

Kwa asiyekifahamu, kipochi hiki ni kijifuko bapa cha nailoni chenye mkanda wa mpira na zipu mbili, moja ikiwa imekwama tangu dukani. Huvaliwa ndani ya nguo. Rangi yake muuzaji huiita rangi ya mwili. Mwili wa nani, hasemi. Si wangu, si wa mke wangu, wala wa mtu yeyote niliyewahi kumwona wilayani kwetu Gasabo. Upana wake umepimwa kwa pasipoti, ambayo dunia nzima imekubaliana iwe milimita 125 kwa 88, na sikumbuki jambo jingine ambalo dunia nzima imekubaliana. Tulikuwa wasafiri wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu na binti yetu wa chuo kikuu. Mke wangu alikabidhiwa kipochi cha pasipoti. Changu kilibeba dola, shilingi, kadi za njano za chanjo, hereni za harusi, saa ya marehemu baba, ufunguo wa nyumba, na zile nakala za pasipoti ambazo shemeji alisisitiza zikae mbali na pasipoti zenyewe. Zilikaa mbali kwa kiasi cha mke na mume waliokaa kiti kimoja cha basi.

Sasa nije kwenye fadhila yake kuu. Hii nitaieleza kwa kirefu, maana wanaouza vipochi wenyewe hawaijui: humpa kitambi asiye nacho.

Kigali kitambi kimetangaziwa vita. Tangu 2016 zipo Jumapili ambazo barabara hufungwa kwa magari ili watu wakimbie, wapande baiskeli na wapimwe sukari na shinikizo la damu. Sisi wa Ndera hata hatungojei Jumapili, kwa sababu kwenda dukani ni mteremko na kurudi ni mlima. Nimefika umri wa kuitwa mzee tumbo langu likiwa limeshikana na mgongo, na wembamba huo nimeulipia. Kwenye vikao vya harusi waliojaaliwa tumbo huombwa ushauri, mimi hutumwa viti.

Nikafunga kipochi, nikashusha shati juu yake. Hatujafika mpakani Rusumo kondakta ameshaanza kuniita mheshimiwa. Tulipovuka mto Kagera na kuingia kwenye kituo cha pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, kijana wa kubadilisha fedha aliwapita wasafiri wote akaja kwangu moja kwa moja. Dar es Salaam dereva wa teksi alinifungulia mlango, akasema "Karibu bosi," kisha akataja bei ya bosi. Nilipokaa, tumbo lilikaa baada yangu. Niligundua kwamba mwenye kitambi haharakishwi. Akinyamaza, watu hudhani anatafakari. Akishusha pumzi, mtu huleta maji. Na ukumbuke kwamba kitambi cha kweli hujengwa kwa miaka mingi ya nyama choma na vikao vyenye posho, ilhali changu kilijengwa kwa dakika mbili, na usiku nilikivua nikakitundika nyuma ya mlango. Nionyesheni mbunge anayeweza hilo.

Lakini aliyepandishwa cheo kuliko sote ni mke wangu. Kwenye foleni ya feri ya kwenda Unguja, jua la saa sita likiwa utosini, mama mmoja mwenye baibui alimtazama kiunoni, akamshika mkono.

"Miezi mingapi, mwanangu?"

Mke wangu, ambaye kutwa alikuwa akiwaza ile kanuni ya pasipoti kubakiwa na miezi sita, akadhani anaulizwa hiyo.

"Minane, mama."

"Minane! Jamani, mpisheni! Mtoto wa watu asimame juani na minane?"

Foleni ikafunguka. Kiti kikaletwa, na maji, na upepeo wa ukili. Sisi watatu tukapita nyuma yake kama jamaa wa mgonjwa. Tulipofika dirishani ofisa akaomba pasipoti, na mke wangu hakuwa na la kufanya: akainua blauzi kidogo, akavuta zipu, akajifungua mbele ya umati. Pacha wanne, wote wa bluu, wote wenye joto. Mama yule wa baibui alisema "Mashaallah" kwa sauti ambayo sikuweza kujua kama ni ya dua au ya hasira.

Fadhila nyingine nazitaja mbiombio. Kipochi hupasha mwili joto, jambo la thamani kubwa Unguja mwezi wa Februari. Huzuia ulafi, kwani biriani ya pili haina pa kwenda. Humfundisha mtu kujipapasa kila dakika, hata mwizi akapunguziwa kazi ya kukisia. Hulainisha noti kwa jasho mpaka muuza madafu anazishika kwa ncha za vidole. Na kimenipa elimu ya bahari. Paje maji yakitoka hutoka kweli, yakaacha mchanga na mashamba ya mwani mpaka karibu na mwamba. Mwenye zamu ya kulinda vipochi, ambaye kwa sababu zisizoelezwa alikuwa mimi kila siku, hubaki chini ya mvinje na vitambi viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, akiwatazama wapendwa wake wakipungua mpaka wanakuwa nukta tatu. Najua saa za kupwa na kujaa kuliko wavuvi. Baharini sijaingia.

Utaniuliza, si mngeacha vitu chumbani?

Chumbani kulikuwa na sefu. Nyumba yenyewe siitaji jina. Sefu ilikuwa ndani ya kabati, nyeusi, ya chuma, yenye vitufe vya namba na taa ndogo ya kijani, na nilipoiona nilikivua kipochi kwa furaha. Kisha nikaiinua sefu ili nitazame nyuma. Ikainuka. Mgongoni ilikuwa na matundu manne ya skrubu, na skrubu hazikuwamo. Ilikuwa imewekwa tu pale juu ya rafu, mfano wa redio. Mwizi wa sefu ile hahitaji namba ya siri, anahitaji kwapa.

Nikashuka mapokezi. Kijana wa zamu alikuwa na adabu zote. "Usiwe na wasiwasi, kaka," akasema, "hata ukisahau namba yako, sisi tunayo moja inayofungua sefu zote." Nikamshukuru. Nyuma yake ukutani palikuwa na tangazo: uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote ya mgeni. Na alipomaliza kunituliza akaomba tumwachie pasipoti zote nne mpaka kesho, kwa sababu mwenye mashine ya fotokopi ameshaondoka.

Hapo, msomaji, mzaha ulinitoka. Kuna ukuta mmoja unaosema hawahusiki, na chini ya ukuta huo huo kuna mkono ulionyooshwa unaodai kitu chenye thamani kuliko vyote nilivyobeba. Nilikataa, nikaitwa mgumu. Kwenye trei ya kaunta niliona nakala za pasipoti za watu wengine, majina, namba na picha juu, zikiwa zimelaliwa na bili ya umeme na kikombe cha chai.

Waingereza wana sheria ya mwaka 1956 ya wenye hoteli. Mgeni aliyechukua chumba akipotelewa, hoteli huwajibika. Inaruhusiwa kupunguza dhamana yake hadi pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa mgeni mmoja, lakini kwa sharti kwamba tangazo la kisheria limebandikwa panapoonekana. Fedha hizo leo hazinunui hata sanduku zuri la safari, na sheria yenyewe siisifu. Ila tazama kinachofanywa na tangazo: kule tangazo linakiri deni na kuliwekea ukomo. Huku tumelichukua tangazo, deni tukaliacha kwenye meli.

Na pasipoti ikipotea, je? Unakwenda polisi kuandikisha. Ukishaandikisha, namba yako inaweza kuingizwa kwenye hifadhi ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa 2002, na hata ukija kuikuta ndani ya kiatu imekwisha kufa, haivuki tena mpaka wowote. Kisha unatakiwa ufike ubalozini upate hati ya kurudia nyumbani. Ubalozi wetu uko Dar es Salaam, wewe uko Unguja, na kati yenu kuna feri ambayo dirishani pake hudaiwa pasipoti. Nyumbani utalipia upya: faranga 75,000 kwa ya miaka mitano, 100,000 kwa ya miaka kumi. Hoteli inadai pasipoti, feri inadai, dawati la kuingia kisiwani linadai ingawa Unguja na Dar ni jamhuri moja tangu 1964, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliye tayari kuilinda kwa usiku mmoja. Ulinzi wote umeachiwa mpira wa kiunoni.

Nilipokuwa chini ya mvinje, zamu yangu ikiendelea, nilipata muda wa kujiuliza kwa nini tulibeba vijitabu vile vinne. Tangu Januari 2014 Mnyarwanda, Mkenya na Mganda wanavuka kwenda kwa wenzao kwa kitambulisho cha taifa tu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaziruhusu nchi zilizokubaliana kufanya hivyo. Zilizokubaliana ni hizo tatu. Tanzania haimo. Mwaka ule ilikuwa na hoja nzito, kwa sababu wananchi wake wengi hawakuwa bado na kitambulisho cha taifa. Leo hoja hiyo imezeeka, kanuni haijasogea. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Ndera anaweza kwenda kuogelea Mombasa na kadi moja mfukoni, lakini kadi hiyo haimfikishi Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya. Pasipoti yenyewe, ile tunayopewa Rwanda tangu 2019, ina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye jalada. Kwa hiyo natumia pasipoti ya Jumuiya kuingia ndani ya Jumuiya.

Ofisa wa mpakani alinisalimia kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiswahili, ambacho Rwanda ni lugha rasmi tangu 2017. Aliniita ndugu yangu. Nadhani alimaanisha, maana hatukuwa na ugomvi wowote, tukacheka na kuagana. Undugu ule ulipigwa muhuri ukurasa wa saba.

Waheshimiwa wanaohutubia kuhusu mtangamano hawajawahi kusimama pale na mkono ndani ya suruali wakitafuta zipu. Wao hupita chumba cha wageni mashuhuri, pasipoti zao zimebebwa na msaidizi, na vitambi vyao ni vya kweli. Laiti kikao kimoja tu cha mawaziri kingefanyika kila mjumbe akiwa amefungwa kipochi, mwezi wa Februari, feni zikiwa zimezimwa, naamini suala la vitambulisho lingemalizika kabla ya chai ya saa nne.

Kwa wenye nyumba za wageni nina ombi la skrubu nne. Duka la vifaa lililo karibu nanyi linaziuza, na fundi hatachukua nusu saa.

Sisi likizo ijayo tunakwenda Mombasa kupitia Kampala. Kitambulisho kitakaa mfuko wa shati, na mke wangu ameshaambiwa kwamba safari hii atapanga foleni.